Kicheko Nambari Tatu

Jirani yangu wa Buruburu, Bi Kavinya,
aliniuliza juzi kazi yangu hasa ni ipi.
Nikamwambia: maneno wanayosema wale wa *Kodi ya Mwezi*,
Jumanne, saa moja na nusu, mimi ndiye huyaandika.
Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.
"Kumbe yanaandikwa? Nilidhani wanajisemea tu."

Miaka kumi na tisa
ya watu kujisemea tu.

Nilianza na mbuzi.
Mbuzi aingie sebuleni mwa mwenye ploti,
ale kitabu cha risiti, wapangaji washangilie.
Prodyusa Kirimi akasoma, akacheka hadi akakohoa,
kisha akafungua kikokotoo.
"Mbuzi ana nauli. Weka kuku."
Nikaweka kuku.
"Kuku ana mtu wa kumshika. Weka sauti ya kuku."
Nikaweka sauti.
Siku ya kurekodi, mwenye sauti hakuja.
Ikabidi Nyambane, aigizaye bawabu,
achungulie dirishani aseme: "Lo! Kuku amepita."

Nchi nzima ikaudaka msemo huo.
Makanga waliusema, wahubiri waliusema,
daktari wa meno aliniambia huku mkono wake
umo kinywani mwangu, akacheka peke yake.
Mimi nililipwa bei ya sauti.

Na zile barua!
Mafundi bomba walilalamika: mbona mjinga ni fundi bomba?
Nikamfanya kinyozi. Vinyozi nao wana chama.
Sasa mjinga wetu hana kazi yoyote,
na wasio na kazi, hadi naandika haya,
hawajapata pesa za kusajili chama.

Mwaka wa nane nilimwandikia Kirimi kunidai haki yangu
kwa vina na mizani, kama alivyonifunza mwalimu Mwakio
kwa rula na macho makali:

Hundi yangu i njiani, na mwaka waisha sasa,
Yatembea njia gani, au imekosa pesa?
Mwenye nyumba mlangoni, ananiita kwa visa,
Nicheke nikila nini, mwenzako njaa yatesa?

Akajibu siku hiyo hiyo, jambo lisilo desturi yake:
"Vina vimekaa. Tunalirusha Jumanne."
Nyambane akalisoma amepiga goti mbele ya mwenye ploti.
Watu walicheka, naambiwa, mpaka Githurai.
Mimi sikuona. Stima yangu ilikuwa imekatwa.

Lakini nilitaka kusema juu ya vicheko.
Studio yetu haikuwa na watazamaji,
ilikuwa na viti vinne, kimoja mgonjwa.
Vicheko tulivirekodi mara moja tu,
kwenye harambee, ukumbi wa Kaloleni,
diwani alipokalia kiti, kiti kikakataa.
Fundi Odembo alikikata kishindo kile vipande vitano
akavipa nambari.
Ya kwanza ni ya adabu. Ya tano ni ya mkesha wa uchaguzi.
Katikati ya nambari tatu, ukitega sikio,
yupo mtu anayecheka kama baiskeli
inayoshuka mteremko bila breki.

Huyo ni baba.

Baba, karani wa reli, hakucheka hata mara moja
kwa jambo nililoliandika mimi.
Alisoma karatasi zangu mezani, miwani mkononi,
akazirudisha zimenyooka kuliko alivyozipokea.
"Hapa umekosea tarehe."

Tulimzika Jumamosi.
Jumanne nikawasha televisheni ili nyumba isinyamaze.
Nyambane akachungulia dirishani, akasema lile lake,
nalo lilikuwa limechakaa, nalijua, nililichakaza mwenyewe.
Odembo akabonyeza tatu.

Tangu hapo, kila nikifika pale mzaha unapochechemea,
pembeni mwa ukurasa naandika kwa kalamu: *tatu*.
Kirimi asema naitumia mno, watu watachoka.
Namwambia aweke tu.
Hiyo haina nauli.